Maneno ya Kugeuza Mvua ya Mawe

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga ndama, bado sijaaminiwa ng'ombe, mlimani kwetu juu ya Mbeya alikuwepo bibi mmoja aliyegeuza mvua ya mawe. Wingu lenye tumbo jeupe lilipopanda, alikwenda ukingoni mwa shamba, akasimamisha jembe, mpini chini na chuma juu, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Hayakuwa Kisafwa, wala Kinyakyusa, wala Kiswahili. Yalisikika kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kibuyu. Maana yake hata yeye hakuijua. Alipewa na bibi yake, naye alipewa vivyo hivyo. Sharti lilikuwa moja: ukishayaanza, huyakatishi.

Alikuwa amemfundisha mjukuu wake Tusekile, rika langu. Nilipenda kumtania.

"We Tusekile, hayo maneno ni ya watu au ya vyura?"

"Ya vyura. Si ndiyo maana wewe unayasikia?"

Mwaka huo baba alikuwa Makongolosi akitafuta dhahabu, na alikuwa hajaleta kitu. Chakula chetu chote kilikuwa ule ulezi uliosimama shambani, umeanza kukomaa, ukipakana na wa kina Tusekile. Alasiri moja wingu likapanda. Bibi alikuwa kitandani, kichomi kimemkaba, pumzi haimfikishi mwisho wa sentensi. Mama alikimbilia kwake, nami nyuma yake. Mama alikuwa mtu wa kanisa. Mambo hayo aliyaita ya kale. Siku hiyo hakuyaita chochote.

Bibi alimwonyesha Tusekile jembe kwa kidole.

"Na nikikosea, Bibi?"

"Mawe yatakuambia."

Alitoka. Jembe lilimfika kidevuni. Alikuwa ameshaanza maneno wakati punje za kwanza za barafu zilipoanguka, zikarukaruka kwenye udongo. Moja ilimpiga juu ya jicho, damu ikashuka shavuni.

"Rudi ndani, mwanangu!" mama aliita. "Acha, utaumia!"

Hakugeuka. Wala hakuharakisha, na hilo ndilo ninalolistaajabia mpaka leo. Kila neno alilipa nafasi yake, kama mtu anayepanga mayai kwenye tenga. Alipofika mwisho, mawe yalikuwa yamehamia ng'ambo ya kijito, msituni, na kwetu ilinyesha mvua tu. Ulezi wa ukingo wa juu ulilala. Uliobaki tuliula mpaka baba aliporudi.

Mama alimfuta damu kwa ncha ya kanga yake.

"Lakini umesema nini, mwanangu?"

"Sijui, mama. Nimesema yote."

Mawingu huhamishwa na upepo. Nimesoma vya kutosha kulijua hilo. Nilipokuwa chuo kikuu niliwauliza wazee kuhusu maneno yale, kuanzia Usangu mpaka Iringa, na hakuna aliyelitambua hata moja. Wakati huo Tusekile alikuwa ameshakuwa mke wangu, mwenye kovu dogo juu ya jicho. Siku moja nilimuuliza kama haoni ajabu kusema asichokijua.

"Na wewe kanisani ulisema 'mpaka kifo'," alinijibu, akiendelea kuchambua maharage. "Ulikuwa unajua?"

Nilisema ndiyo, nilijua.

Siku tuliyomzika Tusekile, wingu lenye tumbo jeupe lilipanda juu ya mlima kabla kaburi halijafukiwa. Wanangu waliniomba niingie chini ya turubai. Nilichukua jembe la mmoja wa vijana waliochimba, nikalisimamisha, chuma juu, nikaanza maneno aliyonifundisha jikoni kidogo kidogo, kwa miaka. Sikuharakisha. Mvua ilinyesha, na mawe pia, machache. Maana yake bado siijui. Nilisema yote.