Vile Nilitafsiri Yule Ndege

Kazi yangu hapa Emali ni kuwekea watu filamu kwa flashi. Unakuja, unasema unataka ya vita, ya mapenzi, ama ile ya mama mkwe analoga bibi ya kijana wake, mimi naweka, unaenda zako. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori. Mtu akiniuliza kama filamu ni nzuri nasema ni moto, hata kama sijaiona. Mdomo wangu uko hivyo tangu zamani. Unatoka nyumbani kabla mimi nivae viatu.

Siku moja mchana, bati la kibanda limechomwa na jua, akakuja dereva mmoja na flashi imefungwa kwa raba.

"Kijana, hii kitu imeanza kugoma. Niokolee katuni moja tu iko hapo ndani. Hizo zingine tupa."

"Mzee mzima na katuni?"

"Ni ya binti yangu. Lakini ukweli ni kwamba hata mimi huiangalia nikipumzika. Na usiniulize kama mimi hulia."

"Kwani hulia?"

"Si nimesema usiniulize."

Akaenda kutafuta chai, mimi nikafungua ile flashi nikicheka. Nikabonyeza nione kama inacheza. Mbingu ya kijani. Mji umejengwa ndani ya mto umekauka, nyumba zimening'inia kwa kingo kama viota. Halafu akatokea ndege mkubwa, mnono, hana mabawa, shingo imelala kwa bega la kushoto, anatembea na taa mkononi na ni mchana. Yaani ana mkono, lakini hana bawa. Nikawacha kucheka. Huyo ndege mimi namjua. Mimi ndiye nilimpa jina.

Hii ilianzia Mutomo, nilikuwa nimemaliza darasa la nane miaka kama mitatu hivi, na masomo yakaishia hapo. Sokoni kulikuwa na nyumba ya video, benchi sita na televisheni moja, na mimi nilikuwa mtafsiri. Kama hujawahi kuona hiyo kazi, ni hivi: filamu imetoka Uchina ama Uhindi, mtafsiri anashika maiki, anapunguza sauti ya filamu, anawaambia watu kwa Kiswahili na Kikamba ni nini inaendelea. Hapo ndani hakukuwa na mtu anajua Kichina, na wa kwanza kutojua ni mimi. Unaangalia mdomo ukifunguka, unajaza. Jambazi wa Hong Kong alikuwa anaongea kama chifu wetu. Watu walikuwa wanakuja kuniskiza mimi, filamu ilikuwa tu ya kuangalia.

Sasa likizo ya Agosti, kanisa letu likataka kuonyesha watoto wa Shule ya Jumapili filamu. Wazee wakanunua sidii moja huko Kitui. Nje ilikuwa na picha ya watoto na ndege, wakaona hiyo ni safi, haina shetani. Kufungua, hakuna Kiingereza hata kidogo. Ni lugha gani mpaka leo sijui. Maneno ya kusoma hapo chini pia hayakuwa. Wazee wakaanza kulaumiana.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili ndiye alisema niitwe. Huyo mama alinifundisha hata mimi, nikiwa na kamasi mpaka nikaota ndevu. Ndiye alinipatia kitu ya kwanza ya kusoma mbele ya watu, Zaburi fupi, na nilipokwama kwa neno moja akasimama karibu na mimi mpaka likatoka. Akaambia wazee, "Ako na mdomo huyu. Wacha leo autumie kwa Mungu."

Alipokuwa mtoto alimwagikiwa na maji moto. Ngozi ilipopona ikavuta kichwa kwa bega la kushoto, kikabaki hapo. Na akiongea, herufi zingine zilikuwa zinatoka na mluzi kidogo kwa meno. Sisi tulikuwa tumezoea. Hakuna mtoto alikuwa anaona.

Mpaka mimi nikawaonyesha.

Sikupanga. Kanisa limejaa, watoto chini kwa mikeka, wazazi nyuma, shuka nyeupe ukutani na projekta ya kuazima. Filamu ikaanza, na ilikuwa ya ajabu, polepole, kimya kingi. Watoto wa huko wanapoteza vivuli vyao. Mtu anatembea jua kali na chini hakuna kitu. Watoto wetu wakaanza kupiga miayo. Mtafsiri akiskia miayo ni kama mpishi akiskia mtu anatema. Hapo yule ndege akatokea na shingo yake kwa bega la kushoto, watoto wakamzunguka wakakaa chini, na mdomo wangu ukatoka nyumbani.

Nikaongea na sauti ya mwalimu. Ule mluzi, ile pole yake, ile "watoto wazzzuri wa Yesssu" yake. Nyumba ikapasuka. Nikamwita yule ndege Kuku-Kona, kwa sababu shingo imekata kona. Nikasema Kuku-Kona ndiye anaiba vivuli vya watoto anaweka kwa mboga. Nikasema hawezi kuona mbele, kila siku anatoka aende kanisani anajipata kwa mama wa kuuza muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa. Wazazi walikuwa wanashikana mabega. Mzee mmoja wa kanisa alitoka nje kucheka, akarudi, akatoka tena.

Katikati hapo, nikaona mwalimu amesimama. Akachukua leso yake kwa benchi, akapita pembeni polepole, akatoka. Ningenyamaza hapo, pengine leo ningekuwa na usingizi. Lakini nilikuwa na maiki.

Nikasema, "Mnaona? Kuku-Kona ameenda kutafuta kivuli chake."

Hiyo ndiyo ilichekesha kuliko zote.

Jumapili iliyofuata watoto walimwita hivyo darasani. Siku ya soko, mwanamume mzima akamwita hivyo akinunua nyanya. Baada ya mwezi akaambia pasta mgongo unamsumbua, akawacha kufundisha. Kila mtu akasema pole, mgongo ni kitu mbaya. Mimi pia nilisema pole. Nilimwambia hivyo uso kwa uso, hapo mlangoni mwa kanisa, na nilikuwa nimevaa shati mpya.

Kwa hiyo pale Emali, na flashi ya dereva, nilikuwa naangalia huyo ndege kama mtu amepatana na askari. Lakini hii ya dereva ilikuwa na maneno ya Kiingereza hapo chini. Kiingereza changu ni cha darasa la nane, tena kile cha kuokoka mtihani. Nikawa nasimamisha kila mstari, natafuta neno kwa simu, naachilia, nasimamisha. Wateja wakakuja nikawaambia kompyuta ni mgonjwa. Dereva akarudi, akaona nimefika wapi, akavuta mkebe wa rangi akakaa bila kuniuliza kitu.

Yule ndege haibi vivuli. Kwa huo mji, mtoto bila kivuli mama yake hamwoni. Mama anapita hapo karibu akiita, mtoto anajibu, mama anapita tu. Sasa ndege anatembea na taa akitafuta hao watoto, na akimpata mmoja anakata kipande cha kivuli chake mwenyewe, anamshonea kwa miguu. Shingo imelala hivyo kwa sababu ya miaka ya kuangalia chini. Mwishowe kivuli chake kinaisha, na hakuna mtu anamwona tena. Na hao watoto wanamwita *teacher*. Hiyo neno sikutafuta kwa simu.

Dereva akapangusa macho na ule mkono ulishika raba ya flashi. "Nilikuambia usiniulize," akasema.

Sikumwuliza. Nilikuwa nageuza mgongo nitafute waya ambayo haikuwa imepotea.

Nilikaa siku nne nikijiambia hiyo ni ya zamani, watu walisahau. Ya tano nikapigia rafiki yangu wa Mutomo, nikauliza habari za mvua, za mbuzi, halafu nikamwuliza mwalimu wetu wa zamani anaendeleaje. Akaniuliza, "Nani? Aa, Kuku-Kona? Ako tu." Aliongea hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anataja mji.

Jumamosi nikabeba kompyuta na nakala ya ile filamu ndani, nikashuka hadi Kibwezi, nikakata juu mpaka Mutomo. Nikampata mwalimu nje ya nyumba yake anapukucha mbaazi kwa sinia.

"Wakya, mwaitu," nikamsalimia kwa Kikamba, vile mtu anasalimia mama yake.

"Aa. Ni wewe umenona hivyo? Emali kuna chakula."

"Kuna kidogo." Halafu nikasema haraka, kama mtu anameza dawa, "Nimekuletea filamu."

Mikono yake ikasimama. "Ile?"

"Ile. Lakini mwaitu, sasa najua inasema nini. Mimi niliitunga. Haikuwa hivyo hata kidogo. Nataka nikutafsirie vizuri."

Akanisogezea kiti. "Utanitafsiria. Lakini kwanza ifanye vile uliifanya siku ile."

"Mwaitu, hapana."

"Mimi nilitoka katikati. Sijui ile ingine ilikuwa nini. Watu wanaijua, mimi siijui. Anza mwanzo, na usiishie pale nilitoka."

Nilijaribu kucheka. Hiyo ndiyo dawa yangu ya kila kitu. Yeye akaendelea kuniangalia na ile pembe ya kichwa chake, sinia kwa magoti, akingoja. Akaningoja kama vile aliningoja kwa ile Zaburi.

Nikafungua kompyuta. Nikafanya. Ile sauti, ule mluzi, mboga ya vivuli, mama wa muthokoi. Mtu mmoja ananiskiza, na ndiye huyo. Mzaha ukikosa wa kucheka unabaki tu maneno, na hayo maneno yalikuwa machafu, mimi mwenyewe nilikuwa nayaskia mara ya kwanza. Nilipofika pale pa kutafuta kivuli nikasimamisha filamu.

"Endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho.

Akauliza, "Hiyo sauti ni mimi?"

"Ni wewe, mwaitu."

"Mimi huongea hivyo?" Akapukucha mbaazi moja. "Mtu hajiskii."

Nikaona heri angenipiga na sinia.

Halafu nikaicheza tena, sasa ya ukweli, mstari kwa mstari. Hakulia. Aliuliza maswali ya mwalimu: huyo mtoto wa pili mama yake alimpata? Kwani huyo ndege hakuwa na wenzake wamsaidie? Ilipoisha nikamwambia yote niliyokuja kusema. Nisamehe, nilikukosea, ulinipa maiki nikakuchapa nayo.

"Nimeskia," akasema. "Lakini mwana wakwa, umebeba hiyo mashine kutoka Emali uje uniambie mimi kwamba mimi sio Kuku-Kona. Mimi nilikuwa najua. Waambie wale ulitafsiria."

Kesho yake, wakati wa ushuhuda, nikainua mkono. Pasta akaniona akaanza kutabasamu, na hapo nikajua kuna shida. Nikapita mbele. Benchi zikaanza kutingika kabla nifike.

"Bwana asifiwe."

"Amina!" Na kicheko. Yaani kwa "Bwana asifiwe" tu.

Nikasema nimekuja kutubu. Wakacheka. Nikasema wanakumbuka ile filamu ya ndege. Wakapiga makofi, na kijana mmoja tulisoma na yeye akapiga kelele kutoka nyuma, "Kuku-Kona! Fanya ile sauti, bana!"

Mwalimu alikuwa benchi ya tatu. Hakuinama, hakuangalia pembeni.

Nitasema ukweli kwa sababu ndio kitu nilienda kusema. Mdomo wangu ulifunguka kufanya ile sauti. Kanisa zima lilikuwa limeninyooshea kicheko kama sahani, na mimi kwa maisha yangu sijawahi kurudisha sahani tupu. Nikaufunga na mkono. Hiyo pia ikawachekesha, walifikiria ni sehemu ya mchezo.

Nikangoja. Wa mbele wakanyamaza, halafu wanawake wa upande wa dirisha. Yule kijana wa nyuma alichukua muda, kila akimaliza anaanza tena. Nikamngoja hata yeye. Pasta aliangalia saa. Kulipokuwa kimya cha kuskia mbuzi huko nje, nikaongea na sauti yangu, ambayo kumbe ni ndogo.

Nikawaambia yule ndege alikuwa mwalimu. Nikawaambia kila kitu nilitunga, na nilimtunga nikiangalia nani, na nani alikuwa amenipa kazi hiyo siku. Sikuangalia nyuso. Nilikuwa nasoma saruji ya sakafu. Nilipomaliza hakuna mtu alisema amina. Yule mzee aliyekuwa anatoka nje kucheka alikohoa, na pasta akatangaza sadaka.

Baada ya ibada mwalimu akanipata nje, anafunga leso.

"Umejaribu," akasema. "Lakini watoto walikuwa wametolewa, wako darasani kule nyuma. Hao hawajaskia, na ndio wanaoniita hilo jina kila siku, wameambiwa na wazazi wao."

"Wameenda nyumbani sasa, mwaitu."

"Watakuja Jumapili."

Nikapigia mwenzangu wa kibanda nikamwambia asiningoje wiki hii. Akauliza nimekwama kwa nini, ni msichana? Nikamwambia hapana, nina kazi ya kutafsiri.