Kubadhi la Nabii Nuhu

Msinicheke, mwenzenu nshakwisha. Niliandika hadithi ya mtoto wa Nabii Nuhu aliyekataa kupanda safina kwa sababu baba yake hakumsikiliza hata siku moja. Nuhu nilimchonga kwa sura ya baba yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Jang'ombe. Nuhu wangu akikasirika, huvua kubadhi la mguu wa kushoto akakuchapa nalo.

Karatasi nikazificha, mwerevu mimi, katikati ya magazeti makuukuu ambayo mama hufungia bajia.

Leo alasiri baba kafungua bajia zake barazani, akawasomea wazee wenzake kwa sauti karatasi iliyozifunga. Mara akanigeukia.

"Hamadi, mwandiko huu si wako? Lini mimi nimekupiga kwa kubadhi?"

Wazee wote walikuwa wanautazama mguu wake wa kushoto, ushakuwa mtupu.