Damu ya Muema

Kamene Kilonzo alikuwa amepima damu ya watu wa Thika kwa miaka kumi na minne, lakini asubuhi ile ya Februari 1998 aliiendea darubini akiogopa. Kipande cha ini kilichokuwa chini ya lenzi kilikuwa cha kaka yake.

Muema alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Pombe hakuwahi kuionja, ingawa wenzake walilitazama tumbo lake na kunong'ona. Nguvu zilipoanza kumtoka, mama yao, Kalondu, aliamua kama wengi wanavyoamua: mwanawe hana damu. Kwa miezi saba alitoka Ngoliba kila Jumamosi na ini la ng'ombe na mboga za terere, na akasisitiza dawa ya damu inywewe asubuhi na jioni, ile shira nyeusi yenye ladha ya msumari. Muema alikunywa, akazidi kuchoka, akaongezewa kijiko.

Matone ya mafuta yalikuwa yamelijaza ini. Katikati yake, baada ya kutiwa rangi, zilitawanyika nukta za buluu. Kamene alizijua. Zilikuwa chuma.

Chembe nyekundu za damu zikizeeka, nyingine humezwa na seli walinzi wa ini, zikaacha humo chuma chao. Ini zima hukiweka akiba. Ini lililolemewa na mafuta hukishindwa, likawaka polepole bila moshi. Daktari Gathogo, aliyekuwa akimtibu Muema, hakujua moto huo ulianzia wapi, lakini alijua nini kilikuwa kikiuchochea: chuma, pamoja na kile cha shira. Ukiachwa, alisema, ini lingegeuka kovu tupu. Shira ikomeshwe, chakula kipunguzwe, na kila wiki mbili Muema atolewe karibu nusu lita ya damu, ili mwili ukitengeneza chembe mpya uchote chuma kutoka kwenye ini.

Kalondu alifika kliniki akiwa amejifunga leso kiunoni.

"Unataka kumtoa damu mtu asiye na damu?"

"Anayo, Mwaitu," Kamene alimjibu mama yake. "Nimeipima mara tatu. Kumi na sita, na hata kumi na nne ingetosha."

"Mimi sipimi kwa vioo. Namwona akipanda ngazi."

Muema, amelala kitandani mkono ukiwa umenyooshwa, alisema wakimaliza kuigombania damu yake wamjulishe.

Kamene alifunga mpira juu ya kiwiko cha kaka yake. Alikuwa amejiandaa kueleza habari ya chembe na chuma, lakini maneno yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Ile shira inamuumiza, Mwaitu."

Mama yake alikaza fundo la leso yake. "Basi ni mimi."

"Na mimi. Nilimnunulia chupa mbili. Mimi mwenye mashine ya kupima, na sikumpima kwanza."

"Akizimia hapa," Kalondu alisema taratibu, "usiniite mama tena."

Sindano iliingia. Damu ilishuka kwenye mfuko, nzito, nyeusi kuliko mtu anavyoitarajia. Mfuko ulipofika nusu, jasho lilimtoka Muema kwenye paji la uso na midomo ikapauka. Kamene alishika mshipa wa mkono wake na kuhesabu, akiogopa kuinua macho. Mapigo yalikwenda mbio, yakasita, yakatulia.

Alipochomoa sindano, Kalondu alikuwa tayari amemnyang'anya pamba. Aliikandamiza mwenyewe kwenye mkono wa mwanawe, kwa nguvu zake zote. Kamene alimwambia damu imekwisha kukatika, anaweza kuachia sasa.

Hakuachia.