Jina Lililokuwa Juu ya Ngao

Mimi si mtu wa kutulia. Hata leo nikiambiwa nikae nisubiri, miguu inaniwasha. Mwaka ule nilipokuwa kiongozi wa bweni, katika shule moja ya wasichana karibu na Nyeri mjini, ndio kabisa. Uhuru ulikuwa bado mpya na bendera haijaanza kupauka, lakini mabweni yetu yaliendelea kuitwa kwa majina ya wazungu wa kale, wale wasafiri waliokuja kabla ya reli. Bweni letu lilikuwa na jina la yule ambaye ati ndiye aliyeuvumbua mlima upande wetu. Ati aliuvumbua! Mlima ambao nyanya yangu aliuona kila asubuhi akienda kuchota maji.

Lakini siku hizo sikuwa na maneno hayo mdomoni. Bweni langu nililipenda mpaka basi. Nililikimbilia mbio mpaka nikatapika, nikaliimbia mpaka sauti ikakauka, na mwaka huo tukawashinda wenzetu wote. Ngao ya ushindi, ile ya mbao inayochongwa majina, ilikuwa yetu. Ilibaki siku ya wazazi tu, kiongozi apande jukwaani, atoe hotuba fupi ya kumsifu mwenye jina la bweni, kisha akabidhiwe ngao. Nilitaka kitu kimoja: baba aje anione. Mama mzazi alikuwa ameshafariki, na baba, mkulima wa viazi huko mbele ya Gatitu, hakuwahi kukanyaga shuleni kwetu. Alisema shule ni ya watu wenye viatu.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na si jina peke yake. Watu huhesabu kwamba yule mwenyewe amerudi. Kwa hivyo baba, tangu nizaliwe, aliniita Mama. Hata akinigombeza alinigombeza kwa adabu, kama mtu anayejua kwamba huenda akajibiwa.

Likizo fupi ilipofika nilikwenda nyumbani na hotuba yangu. Tulikuwa tumekaa uani tukichagua viazi vya mbegu, nami nikaanza kumsomea, nikiigeuza kutoka Kiingereza kuwa lugha yetu. Nikafika pahali ambapo msafiri anatokea upande wa Murang'a na wapagazi wake, yeye akitembea chini ya mwavuli mweupe alioshikiwa na mtu. Picha yake ilikuwa katika kitabu chetu cha historia. Baba akaweka kiazi chini. Akaniuliza kama mwavuli huo ulikuwa mweupe kweli. Nikamwambia ndiyo, kwani kuna nini?

Akanieleza pole pole. Nyanya alikuwa msichana mdogo wakati mtu wa mwavuli mweupe alipopiga kambi karibu na kwao. Alitaka chakula cha watu wake. Wazee wakamwomba angoje, kwa sababu mashamba yalikuwa hayajaiva. Kulipokucha ghala lilikuwa tupu na mbuzi wamechukuliwa, na kaka yake nyanya, aliyesimama mlangoni mwa zizi, alikuwa amelala hapo hapo na risasi kifuani. Mpaka anakufa, nyanya hakukubali kitambaa cheupe kianikwe nje ya nyumba yake. Kitabu chetu kilisema wenyeji walikuwa wakali na msafiri alikuwa mvumilivu. Basi.

Nilikasirika, na niliyemkasirikia ni baba. Niliona ananiharibia siku yangu. Nikamwambia mambo hayo ni ya zamani, na kama si watu kama yule tusingekuwa na barabara wala shule. Akanijibu kwamba njia ilikuwepo, mzungu alionyeshwa tu. Kisha akasema lile lililoninyima raha:

"Kumpa mtu jina ni kumzaa tena. Huyu mmemzaa nyinyi. Sasa wewe, Mama, utasimama mbele yangu umsifu aliyemuua ndugu yako?"

Hakunikataza. Alisema tu kwamba yeye hatakuja.

Nilirudi shuleni nikiwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, mwanamke Mwafrika wa kwanza kushika kiti kile, nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri. Akaniambia hata yeye alilala katika bweni hilo akiwa msichana, na kwamba historia haioshwi kwa sabuni ikatakata. Wasichana waliosoma pale ndio waliolijaza lile jina, akasema, na sasa ni letu kuliko lake. Nikaona ana haki. Kabla sijafika bwenini nikaona baba ndiye mwenye haki. Wiki nzima nikawa hivyo, naandika na kurarua, wenzangu wakinicheka ati naogopa jukwaa.

Siku ikafika. Nilipanda jukwaani, wazazi wakiwa wamejaa hemani na suti zao. Nikatupa macho ng'ambo ya ua wa miiba, nje kabisa ya shule, nikaiona kofia ya baba, ile iliyoungua ukingoni. Alikuwa amekuja lakini hakuingia. Nilianza hotuba kwa Kiingereza kama nilivyoiandika, kisha nikaiacha. Nikaongea lugha ya nyumbani, kwa sauti ya kuvuka ua, nikasema mtu yule alipofika kwetu alichukua nini, na ni nani alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi. Nikasema msichana aliyeyaona hayo ndiye ambaye mimi ninaitwa kwa jina lake.

Nikaikunja karatasi ya hotuba. Mwalimu mkuu alinikabidhi ngao bila kunitazama usoni, lakini aliubana mkono wangu sana, na mpaka leo sijui kama zilikuwa hasira.

Nilikimbia na ngao mpaka kwenye ua wa miiba, alikosimama baba. Nilikuwa najivuna, sitaficha, nikidhani kazi nimeimaliza. Baba hakujua kusoma. Aliipangusa kwa mkono wa koti, akaniuliza jina la yule mtu liko wapi. Nikamwonyesha: juu kabisa, herufi kubwa. Akauliza langu. Fundi alikuwa ameshalichonga chini, pamoja na majina ya viongozi wa miaka iliyopita. Akalipapasa kwa kidole.

"Kwa hivyo mama bado yuko chini yake," akasema.

Akanirudishia ngao, akaniambia nisikawie, wenzangu wananingoja.

Miaka ikapita. Nilikuwa nafundisha Murang'a niliposikia kwamba mabweni yamepewa majina ya mito yetu. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Jumamosi nikaenda kujionea, na kweli, hata ngao zilikuwa mpya. Nikauliza za zamani ziko wapi. Nikaambiwa zilichomwa nyuma ya jiko, pamoja na madawati mabovu.

Nikapitia nyumbani nimpe baba habari njema. Alikuwa ameshazeeka, macho yakiona ukungu tu. Nikamwambia yule mtu hana nyumba tena pale, na ngao yake imekuwa majivu. Akaigeuzageuza bakora yake mikononi.

"Na mama," akauliza, "mlimtoa kwanza?"