Connexion Yenye Haikurudi

Tarehe tano mwezi wa kumi na moja. Mvua ya kwanza inanyesha tangu asubuhi huku Annexe, pembeni ya mji. Haiko na nguvu, lakini mahindi yenye bibi yangu, mama wa batoto bangu, alipanda nyuma ya nyumba inaikunywa yote. Bijana ba informatique, kazi ya kompyuta, ya parokia baliniomba niandike namna tulikuwa tunatumika kazi zamani. Sijui kama miye njo mutu wa kuombwa, nilisoma miaka mbili tu ya sekondari. Lakini kazi hii ninaijua, na yenye ninaijua nitaisema bila kuogopa.

Siku yangu ya kwanza ya kazi haikukuwa mbele ya ordinateur, ni kusema kompyuta. Ilikuwa Kipushi, mu lampisterie, ni kusema nyumba ya mataa ya bantu ba mu shimo ya mine. Mutu anafika ku dirisha, anatosha jeton yake, kipande kidogo ya shaba yenye namba, inatundikwa ku ubao, anapewa taa. Akitoka mu shimo anarudisha taa, anatwala jeton. Taa haikukuwa ya mutu mumoja: yenye zamu ya asubuhi ilirudisha, njo zamu ya mchana ilikuwa inashuka nayo. Kapita wetu, musimamizi wa zamu, mutu mufupi wa sauti kubwa, aliniambia siku ile:

"Kijana, ukiona taa haitoshe, usiombe taa ingine. Angalia ubao. Jeton yenye inalala pale, tafuta mwenye yake: taa iko naye."

Kisha kampuni kubwa ya ile mine ikaanguka. Kosa ilikuwa ya nani, siwezi kusema, sikukuwa mu bureau ya bakubwa. Nilikaa muda murefu bila kazi. Masista ba mission ya Kamalondo bakanifundisha kupiga mashine ya kuandika, kisha ordinateur. Nikapata kazi ya kuandika barua mu kampuni ya transit na ma camion, malori ya kusafirisha mizigo, ya patron mumoja wa Kivu ya Kaskazini, mutu wa maombi kila asubuhi mbele ya kuanza kazi. Kule, Chef wa Informatique, ingénieur wa université, aliona niko mutu wa kuuliza-uliza. Akanipatia photocopie ya kitabu ya Java, luga ya kuandika programu.

"Papa, ukielewa nusu, utapita bengi."

Nilielewa nusu. Ile nusu, yeye njo aliitia mu kichwa yangu, na nitaisema hivi hata penye nitamusema vibaya.

Programu yenye niliandika naye ilikuwa inafunguka mu navigateur, kivinjari ya ordinateur, ku guichet tatu, meza za kupokea ma chauffeur. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutosha bon de sortie, karatasi yenye bila yeye camion haitoke ku parking. Kila mara mutu anabofya, programu inapaswa kuzungumuza na base, penye habari yote inalala. Njia ya kuzungumuza inaitwa connexion. Kuifungua inakawia, kwa hiyo tunafungua kumi asubuhi, tunaziweka pamoja: hii njo pool. Mwenye kuhitaji anatwala moja, anatumika nayo, anairudisha. Siku Chef alinieleza hii, alifikiri nitachoka kichwa. Nilimuambia, "Chef, hii iko lampisterie." Akacheka sana. Tangu siku ile, bote bakaniita Papa Lampe.

Alafu bei ya shaba ikaanguka. Mines, migodi za kandokando, zikafunga moja-moja, bazungu bakapanda ndege, bantu bakarudishwa ku nyumba na barua mu mukono. Kampuni yetu ikapoteza ma camion yake mingi, ikaanza kukodisha ya Zambia. Ikaandikwa list ya batumishi benye batatolewa, na ilikuwa isomwe siku ya Ijumaa.

Juma ile ile programu ikaanza kufa. Kila asubuhi, saa ine hivi, écran zote za ordinateur zinasimama. Ma chauffeur banapiga honi mu parking. Tunazima serveur, ordinateur kubwa penye programu inakaa, tunaiwasha, kesho tena. Chef akaongeza pool kutoka kumi mpaka makumi mbili: ikakufa saa sita. Akaongeza mpaka makumi ine: base yenyewe ikakatala.

"Kila mara inaanzia guichet ya tatu," Chef alisema mbele ya bantu bote. "Ku Mama Béa. Anafungua madirisha mu écran sawa mutu anafungua soko."

Mama Béa, mwenye kutumika pale, hakuinua hata macho. "Chef, ninafungua dirisha moja. Hata ku nyumba yangu iko moja."

Tulicheka, lakini Chef hakucheka. Siku ya Jumatano tukajua jina ya Mama Béa inaingia mu list, juu ya panne, ile kufa ya programu. Bwana yake alikuwa anatoka kupoteza kazi ya mine, na batoto balikuwa batano. Nisimuonee Chef: hakudanganya. Kweli ilikuwa inaanzia kwa Mama Béa, hata miye niliona.

Alhamisi asubuhi nikaenda kumuona.

"Chef, tuache kuongeza taa. Tuangalie ubao."

"Papa Lampe, unataka kutundika jeton mu Java?"

"Ndiyo, Chef."

Mu fichier ya configuration, penye tunaandika namna programu itatumika, kuko mistari mbili yenye bengi banairuka. Moja inaambia pool: connexion yenye inakawia sana inje, ikamate tena. Ya pili inaiambia: andika mu journal, daftari ya serveur, ni kipande gani ya programu iliitwala. Nikaziweka zote mbili, nikawasha serveur, nikangojea.

Saa tano, journal ikaandika. Nikasoma jina ya kipande, na namba ya mustari. Ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Niliweka neno ya kufunga connexion ku mwisho wa njia. Kama kila kitu inaenda muzuri, inafungwa. Lakini plaque, namba ya camion, ya Zambia ilikuwa murefu kuliko nafasi yenye tuliipatia mu base. Base inakatala, kosa inaruka, na neno ya kufunga inarukwa pamoja nayo. Connexion inabaki inje. Na ma camion ya Zambia yote ilikuwa inapita ku guichet ya tatu, juu Mama Béa njo alijua Kibemba.

Nilifuta ule mustari mu journal. Nyuma ya dakika kumi, ikaandika tena. Nikafuta tena. Niliwaza hivi: saa sita bantu bakienda kula, nitatengeneza bila mutu kujua, programu itapona, na list iko kazi ya bakubwa. Saa sita ikapita, sikutengeneza, na sikusema.

Saa nane nikapita ku guichet. Mama Béa alikuwa anatuliza chauffeur mumoja wa Zambia kwa Kibemba, anacheka naye. Akanigeukia.

"Papa, uniombee. Kesho njo list."

Nikarudi. Journal ilikuwa inaandika tena. Mara hii nikaitosha ku karatasi, na saa tisa nikaiweka ku meza ya Chef.

"Iko ya nani, hii?"

"Yangu."

"Unajua kesho ni siku gani?"

"Ninajua, Chef."

Akakamata karatasi, tukaenda bote kwa Patron, yeye njo Directeur Général. Akasoma, akavua miwani. "Basi tulikuwa tunamutosha mama wa bantu juu ya kosa yako."

Mbele ya miye kujibu, Chef akasema, "Patron, hata miye nilisoma kazi hii, nikaipitisha." Hakuna mutu alimulazimisha kusema vile.

Jina ya Mama Béa ikatoka mu list. Miye nikatumwa ku dépôt ya Kipushi, kuhesabu mafuta na mipira ya ma camion. Nilikaa kule mpaka retraite, siku ya kupumzika kazi. Ilikuwa haki, na sikuilalamikia.

Lakini magaribi ya Alhamisi ile Mama Béa alinikuta ku mulango wa bureau.

"Ulijua saa ngapi?"

"Saa tano."

"Ukasema saa ngapi?"

"Saa tisa."

Akahesabu ku vidole. "Masaa ine. Na ndani yake nilikuomba uniombee."

Asubuhi ya Ijumaa alinisalimia, lakini hakuniita tena Papa Lampe.

Bijana, connexion ifungeni mu finally, ni kusema mahali penye programu inapita hata kama kosa inaruka. Musiongeze pool mbele ya kujua nani hairudishe. Java ya leo inaweza kufunga yenyewe, ni muzuri sana. Jina yenye journal inaandika, musiifute.

Nilisomea bibi yangu kurasa hizi ku meza. Akasema, "Mwandikie na Mama Béa. Yeye njo alikuuliza ku mulango, na hukumaliza kumujibu. Sasa kula, bukari inapola." Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, na samaki mbili za chumvi, bitoyo, kwa bantu bane ba nyumba.