Bizimu Niliyoihukumu Bila Kuivua Mkanda

Nimewahi kumwita mtu mwongo mbele ya familia yangu nzima, nikathibitisha kwa lenzi, na kesho yake nikagundua kuwa mwongo mwenyewe ni mimi.

Kaeni vizuri niwasimulie.

Mjukuu wangu amenionya kwamba humu mtandaoni hamsomi aya ndefu. Basi nitazikata, ingawa mwalimu wangu wa insha angenicharaza bakora.

Mimi ni fundi saa mstaafu. Nimekaa miaka arobaini na sita juu ya kiti kimoja, mbele ya meza moja, lenzi jichoni. Nyumbani wananiita Mzee Lenzi. Wanadhani sijui.

Watu wengi hudhani kinachoghushiwa katika saa ya zamani ni mashine. Sivyo. Mara nyingi ni bizimu, yaani kile chuma kidogo cha kufungia mkanda.

Ndiyo sababu wauza saa kuukuu huniletea bizimu hadi leo nizitolee hukumu.

Bizimu ya kiwandani imekandamizwa kwa mashine. Kingo zake ni laini pande zote, na chapa imezama kina kimoja tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Ya bandia ina mikwaruzo ya tupa, na herufi zake huyumba kama watu waliotoka kilabuni.

Ninayo pia kanuni moja niliyowafundisha wote waliopita mezani pangu: usiihukumu bizimu kabla hujaivua mkanda. Upande unaofunikwa na ngozi ndio unaosema kweli.

Ishikeni kanuni hiyo. Siku ilipohitajika, mimi mwenyewe sikuishika.

Jumamosi moja mjukuu wangu wa kike, niliyemlea tangu akiwa na miaka minne, alimleta mchumba wake tumwone. Kijana mpima ardhi, mrefu, viatu vinang'aa. Wazazi wake walikuwa waje wiki iliyofuata kuzungumzia ndoa.

Sikumpenda. Sababu sikuwa nayo, nilikuwa naitafuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nasikia unapima ardhi."

"Ndiyo, babu."

"Nayo inatulia ukiipima?"

Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kijana akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Hapo nikaiona saa.

"Saa nzuri hiyo."

Uso ukamchangamka. "Ilikuwa ya marehemu babu yangu. Alimwachia baba, baba akanipa mimi. Iko vilevile ilivyotoka kiwandani. Ilipelekwa kwa fundi mara moja tu, zamani hizo, kusafishwa."

"Hata bizimu ni ileile?"

"Hata bizimu, babu."

Nikaingiza mkono mfukoni. Mjukuu wangu akafumba macho.

"Babu, jamani, leo tupumzishe na hiyo lenzi!"

Kijana akaivua saa na kunipa kwa mikono miwili. Sikugusa mkanda. Niliyoyaona kwa juu yalinitosha, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayatafuta.

"Hii ni ya bandia," nikasema. "Tazama tupa ilivyopita hapa. Tazama na herufi ya tatu, imelala kama mgonjwa. Aliyeichonga alikuwa na mkono mzito na dhamiri nyepesi."

"Babu, nimesema nilivyoambiwa."

"Basi uliambiwa uongo, nawe umeuleta mezani kwangu. Mimi siketi na wazazi wa mtu anayevaa uongo mkononi."

Hakuna aliyegusa chai tena.

Kijana hakupandisha sauti. Aliiacha saa pale mezani, akasimama.

"Naomba uitazame tena kwa utulivu, babu. Ukiona bado ni uongo, nitawaambia wazazi wasije."

Akaaga mmoja mmoja, akaenda zake. Mjukuu wangu akaingia chumbani na kufunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

"Umefurahi?" mke wangu akauliza.

"Ukweli ni ukweli."

"Haya, Mzee Lenzi."

Kesho yake asubuhi nikaketi kwenye meza yangu ya kazi niiandike hukumu ile kwa wino, iwe rasmi. Na kwa kuwa mtu huandika anachokijua, nikaivua bizimu mkanda.

Nyuma yake palikuwa na nusu ya ua. Petali tatu na ncha ya jani.

Nikaiweka chini. Nikaiokota. Petali zilikuwa bado tatu.

Hapa inanibidi niwaeleze habari ya vijiko.

Mke wangu alipoolewa, mama yake alimpa vijiko sita vya fedha, kila kimoja kimechongwa ua mwishoni mwa mpini. Mwaka wa pili wa ndoa yetu kimoja kikapotea. Lawama zikamwangukia dada yangu, aliyekuwa amekuja kukaa nasi wiki hiyo.

Tangu hapo, kila dada yangu akija, hupiga kelele mlangoni: "Hesabuni vijiko, nimefika!"

Watu hucheka. Mimi hukohoa.

Kwa maana dada yangu hakukichukua. Nilikichukua mimi.

Nilikuwa fundi kijana mwenye maringo. Asubuhi moja niliisugua bizimu ya mteja hadi ikakatika vipande viwili, na mwenyewe alikuwa aje saa nne. Ya badala sikuwa nayo. Kusema "nimeivunja" niliona aibu. Nikakimbilia jikoni, nikachukua kijiko, nikakata mpini, nikaupinda, nikaupiga tupa, nikachonga chapa harakaharaka. Ua nililigeuzia ndani, ngozi ikalifunika.

Mteja akaja, akashukuru, akaenda zake na kijiko cha mama mkwe wangu mkononi.

Mkono mzito na dhamiri nyepesi. Nilikuwa nimejieleza vizuri mno.

Sasa tazameni kishawishi kilivyo na akili. Hukumu yangu ilikuwa sahihi! Bizimu ilikuwa ya bandia kweli. Ningeurudisha mkanda mahali pake, nikanyamaza, na hakuna ambaye angejua. Ila kijana wa watu angebaki mwongo, na mjukuu wangu angebaki nyuma ya ule mlango.

Saa zote za ukutani zikagonga saa tano nikiwa nimekaa palepale. Nikaenda kubisha.

"Mwite mpima ardhi wako."

"Umtukane tena?"

"Mwite tu, mama."

Alikuja alasiri, viatu vilevile. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama tulivyosimamishwa shuleni mbele ya wenzetu, nikaeleza yote: bizimu niliyoivunja, kijiko, mteja aliyedanganywa, dada aliyelaumiwa.

"Ulisema kweli kama ulivyoijua, kijana. Aliyemdanganya babu yako ni mimi. Naomba radhi."

Mjukuu wangu alibaki kinywa wazi. Mke wangu yeye akanyanyuka, akaenda chumbani. Nikajua nimekwisha.

Akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungulia mezani.

Ndani mlikuwa na kichwa cha kijiko kisicho na mpini.

"Nilikikuta kwenye sanduku lako la vifaa wiki ileile," akasema. "Nilijua umekikata. Sikujua umekikatia nini. Nikawa nangoja useme."

"Miaka arobaini na moja?"

"Nilikuwa naona unakaribia. Kila wifi akija ulikuwa unakohoa."

"Na dada yangu, uliyemlaumu?"

"Wifi? Nilimwendea siku hiyohiyo nikamwomba msamaha. Unadhani kwa nini anapiga kelele mlangoni? Tunakuchokoza, bwana!"

Mjukuu wangu akaangua kicheko hadi akajishika mbavu. Mpima ardhi alijitahidi kuuma midomo, maskini, ikamshinda.

Nilimrudishia saa yake, nikajitolea kumtafutia bizimu halisi ya kiwandani. Akakataa.

"Babu yangu aliivaa hii hadi mwisho, haikukatika. Iache, babu. Ila ile herufi ya tatu kweli imelala."

"Na kijiko changu ndicho hicho kiko mkononi mwako," mke wangu akamwambia. "Kwa hiyo utaoa humuhumu, nikiwa nakiona."

Wazazi wake walikuja kama ilivyopangwa. Dada yangu naye alikuja.

"Hesabuni vijiko, nimefika!"

Kwa mara ya kwanza sikukohoa.

"Vitano na nusu, dada. Nusu nyingine anayo bwana harusi."

Alicheka hadi ikabidi aletewe kiti palepale mlangoni, kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka wageni walipoketi.

Nanyi mnaopenda kuwapima watu, ninalo moja tu la kuwaambia. Mkiona kosa la mtu na moyo ukafurahi, wekeni lenzi chini kwanza. Mimi niliivua bizimu mkanda siku moja baada ya kumvua kijana wa watu heshima, na bado nahesabu kuwa niliwahi.