Twiga na Mikanda Yake Miwili

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mlango wa bati wa stoo unasukumwa kwa bega, taa inawashwa, na mwanamke mwenye kofia ngumu ya njano anaanza kazi inayowafanya mafundi arobaini wa jengo hili warudi kwao jioni wakiwa wazima. Anautoa mkanda wa kwanza wa usalama kwenye msumari, anaupitisha kiganjani kipande kwa kipande, anakwaruza mshono kwa ukucha, anafunga bizimu na kuifungua. Klik. Wa pili. Klik. Wa tatu.

"Huu umechoka," anasema, na kuutupa kwenye ndoo nyekundu. "Mwenyewe atakuja hapa kuninunia. Aninunie tu. Bora aninunie akiwa amesimama."

Mikanda ya ukutani ni thelathini na saba. Wa thelathini na nane haupimwi kwa ukucha: umo ndani ya tumbo lake. Ni pete laini ya mpira ambayo daktari aliifunga sehemu ya juu ya tumbo la chakula, miezi kumi na minne iliyopita, ili vijiko vichache tu vya chakula vimtosheleze. Siku hiyo alikuwa na kilo 142. Wiki tatu zilizopita alikuwa na 121 na nukta tatu.

Fanya hesabu. Kilo moja na nusu kwa mwezi. Konokono angemwonea huruma.

Lakini leo mwanamke huyu anacheka peke yake stooni, anapiga mluzi, anaangalia saa ya mkononi kila dakika mbili. Saa mbili kamili atapanda kreni.

Hapa kazini wanamwita Twiga, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka kumi na moja alikaa kwenye kibanda cha kioo juu ya mlingoti wa chuma, akinyanyua nondo na ndoo za zege kwa vishikio viwili, kimoja kila mkono. Ana miaka arobaini na tatu, mume kinyozi, na mdogo wake wa kike anayeishi nao na asiyeacha kumtania. Katika miaka yote ya kibandani hakuangusha hata tofali moja.

Kisha ikaja karatasi.

Ilibandikwa ubaoni miezi kumi na tisa iliyopita, ikiwa na mhuri: mtu mwenye uzito wa zaidi ya kilo 120 haruhusiwi kuvaa mkanda wa usalama, kwa hiyo haruhusiwi kupanda. Wengine walisahau upesi, lakini wapo wanaokumbuka. Wanakumbuka kwamba kabla ya Twiga kibanda kile kilikuwa cha bwana mmoja ambaye tumbo lake lilifika kazini dakika tano kabla yake. Hakuna aliyewahi kumwonyesha mizani. Mizani ilitafutwa mwanamke alipokaa pale juu.

Tena mizani yenyewe! Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi alisimamishwa kwenye ile ya stoo, inayopimia misumari na boliti, mbele ya foleni ya watu waliokuja kuchukua glavu. Ofisa usalama alisoma namba kwa sauti kama mnadi wa mnadani. Mshahara ulishuka karibu nusu, akapewa funguo za stoo.

"Sikulia," anasema Twiga. "Nilikwenda chooni nikakaa robo saa. Hiyo si kulia."

Bima ya afya ilikubali upasuaji baada ya barua nne za daktari. Mumewe, mtu wa maneno machache nyumbani na maneno mengi kwenye kiti cha wateja, alitangaza habari hiyo huku mashine ya kunyolea ikinguruma: mke wangu yuko hospitali, ana mkanda tumboni.

Mteja alisikia alichosikia. Jioni ile ile jirani wa kike akabisha hodi wodini na bonge la shubiri mbichi.

"Pole, shoga. Umetokea upande gani?"

"Nini kimetokea?"

"Si mkanda wa jeshi? Vile vipele. Usiache vikutane mgongoni!"

Twiga alikuwa na nyuzi tano tumboni, na aliambiwa asicheke. "Nilishika mto, nikaung'ata," anasimulia. "Nikamwambia, dada, mkanda wangu ni wa ndani. Akashtuka zaidi. Akasema, yaani umekwishaingia ndani?"

Shubiri ile bado iko dirishani, kwenye kopo la rangi. Imeota.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa tamu. Kilo saba zilikwenda. Alijifunza kutafuna tonge mpaka lisahau lilikuwa nini, na kuacha sahani kabla sahani haijamwacha yeye. Kisha kasi ikapungua. Mwezi wa nane baada ya upasuaji, mizani ya misumari ikasoma 127 na nukta nne. Mwezi wa tisa, 127 na nukta nne. Wa kumi, ile ile.

"Mizani imeganda," aliwaambia. Ofisa usalama akaweka juu yake ndoo ya boliti ya kilo ishirini. Ikasoma ishirini.

Fundi cherehani mmoja, waliyelala wodi moja na kufungwa pete wiki moja, alikuwa amepoteza kilo thelathini na nane. Alimtumia picha amesimama ndani ya mguu mmoja wa suruali yake ya zamani. Twiga aliitazama picha ile wiki nzima. Kisha akapanga miadi kliniki, akiwa na sentensi moja tu kichwani: itoeni.

Muuguzi wa kliniki, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, hakumbishia.

"Tutaitoa ukitaka. Kwanza niambie, unakunywa nini?"

"Chai."

"Ya namna gani?"

"Ya kawaida tu, sista. Ya maziwa. Chupa moja asubuhi, moja mchana. Kule stooni kuna baridi."

"Sukari?"

Twiga akatazama dari. "Mpaka inyamaze."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama, mkanda huu unazuia wali. Chai inapita kama haikuona mtu. Umeweka askari mlangoni, halafu unapitishia wageni dirishani."

Wakacheka wote wawili, mpaka mgonjwa wa nje akachungulia. Siku hiyo muuguzi alichoma sindano kwenye kidude kilichounganishwa na pete chini ya ngozi na kuongeza maji kidogo, pete ikabana zaidi. Halafu akasema jambo ambalo Twiga analirudia kila anapoulizwa: "Mwenzako alipungua kwa mwili wake. Wewe una wako. Pete hii haina haraka, na wala haikukudanganya. Tafuta kitu kingine cha kuhesabu, maana ukihesabu kilo peke yake utachoka kabla ya mwili."

Akatafuta. Jengo lilikuwa na ghorofa nne zilizokwisha kumwagwa zege. Kila mchana, wenzake wakila, alipanda ngazi za zege zisizo na reli, mkono ukutani. Alikoishiwa pumzi alichora mstari kwa chaki. Mstari wa kwanza ulikuwa ghorofa ya pili. Jengo likazidi kupanda juu, naye akalifukuza: ghorofa ya nne, ya sita, ya tisa. Chai alianza kuinywa kavu, bila maziwa wala sukari, akikunja uso. Mizani nayo ikaanza kusogea, kwa kuvuta miguu.

"Dada, unashindana na jengo?" mdogo wake alimuuliza.

"Jengo lina zege. Mimi nina hasira."

Yakabaki majuma matatu. Meneja alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa mwezi nafasi ya kreni, iliyoshikwa na dereva wa muda, itajazwa moja kwa moja, na Twiga atabaki wa stoo daima. Alikuwa 121 na nukta tatu. Kilo moja na ushee! Kwa mwendo wake, angefika wiki moja baada ya mlango kufungwa.

Siku ya Jumanne, wiki tatu zilizopita, likaja boksi la mikanda mipya ishirini. Kazi ya mtunza stoo ni kunakili namba ya kila mkanda kwenye daftari. Twiga aligeuza kitambulisho kilichoshonwa ndani ya bega, na chini ya namba akakuta mchoro wa mtu na mzani. Kilo 140, mtu pamoja na vifaa vyake.

Moyo ukaruka. Akajituliza: hii ni mipya, labda ina nguvu zaidi. Akaiendea ile ya zamani ukutani, ile ile aliyonyang'anywa. Vitambulisho vilikuwa vimefutika kwa jasho na saruji. Akajaribu wa kwanza, wa tano, wa kumi. Kwenye wa kumi na sita, chini ya sponji ya bega, maandishi yalikuwa bado yanasomeka.

Kilo 140.

Hakupiga kelele. Alimwita kwa redio mpiga ishara, mzee anayeelekeza mizigo akiwa chini, ambaye pia ni mwakilishi wa wafanyakazi.

"Mzee wa bendera, pokea. Njoo stoo na miwani yako."

"Kuna nini, Twiga?"

"Njoo usome namba. Nataka isomwe na mtu mwingine, nisije nikawa naota."

Saa nne kasoro waliingia ofisini wakiwa wawili, mkanda begani mwa Twiga. Ofisa usalama akafungua faili. Ile karatasi ya kilo 120 ilikuwa imenakiliwa kutoka karatasi nyingine, nayo kutoka nyingine, mpaka ya kwanza kabisa, iliyohusu mikanda ya aina tofauti. Mikanda hiyo ilichomwa moto miaka sita iliyopita. Mzee wa bendera alikuwepo ilipochomwa.

"Mimi ndiye niliyewasha kiberiti," alisema. "Mmekuwa mkimpima mama huyu kwa majivu."

"Ni kosa la kunakili," ofisa alisema.

"Kosa la kunakili," Twiga alirudia polepole. "Bwana ofisa, mimi na buti zangu na redio yangu tulikuwa chini ya mia na arobaini tangu mwezi wa tatu baada ya upasuaji. Miezi kumi na moja! Mkanda huu una mdomo, unasema. Nani aliwahi kuugeuza?"

Ofisa alifunga faili. Jambo hili liwekwe akilini na kila mfanyakazi aliyewahi kubandikiwa karatasi ukutani: ombeni kuona ilikotoka. Mzee wa bendera ameandika barua ya kudai tofauti ya mshahara wa miezi hiyo yote, na ameapa kuipeleka kwa mkono kila Jumatatu mpaka ijibiwe.

Habari ilifika juu kabla ya wao kutoka ofisini. Wafunga nondo waligonga vyuma vyao kwa koleo, jengo zima likalia kama kengele.

"Twiga! Sasa kula!" mmoja alipaza sauti. "Una kilo kumi na nane za akiba!"

Twiga aliangua kicheko. Lakini anakiri kwamba usiku ule alikaa kitandani akijiuliza swali hilo hilo. Kama karatasi haipo tena, ya nini kuteseka na chai kavu?

"Mume wangu akaniambia, uamuzi ni wako, mimi nakupenda kwa ukubwa wowote, ila usiniambie nikae katikati ya kitanda, nimeshazoea ukutani." Anafuta machozi ya kicheko. "Nikafikiri. Kwanza nilipungua kwa ajili ya mhuri wao. Sasa mhuri umekufa. Kilichobaki ni magoti yangu, pumzi yangu na zile ngazi. Hizo ni zangu. Hakuna wa kunisomea kwa sauti."

Tangu siku ile hajakanyaga mizani ya misumari. Atapimwa kliniki, mara moja kwa miezi miwili, mlango ukiwa umefungwa.

Saa mbili kamili. Daktari ametia saini, mkanda umekaguliwa na watu wawili. Twiga anashika ngazi ya mlingoti. Mita arobaini na sita. Chini, mafundi wameacha kazi, na hata meneja ametoka nje akijifanya anaongea na simu.

Anapanda. Kwenye jukwaa la kwanza anasimama, mikono kiunoni. Anapanda. Anasimama tena. Safari ya tatu anakaa kitako, miguu ikining'inia, na mtu chini anasema kwa sauti ndogo, "Ameshindwa." Anainuka. Mlango wa kibanda unafunguliwa, unafungwa.

Redio inakwaruza.

"Twiga, pokea," anasema mzee wa bendera. "Una hali gani huko?"

Kwanza inasikika pumzi yake.

"Nimepumzika mara tatu, mzee," anajibu. "Andika. Mwezi ujao nataka mbili. Siku tunayomwaga zege la paa, nataka nipande moja kwa moja bila kusimama, na kilo zitapungua zikitaka, zikichelewa zitanikuta huku huku. Haya, nifungie mzigo. Nimekaa chini miezi kumi na tisa, mikono inaniwasha!"